Viwango vya kimataifa vya uhasibu na ukaguzi: nani anavitunga, na nani ana meno ya kumlazimisha mtu avifuate?

Mleta uzi (mkaguzi wa hesabu, Dar es Salaam)

Ndugu zangu, kila kampuni kubwa inapoanguka huko duniani, na kila ripoti ya CAG inapowasilishwa bungeni hapa kwetu, huzuka malalamiko yaleyale: kwamba viwango vya kimataifa vimeshindwa kazi, na kwamba yako mashirika makubwa ya wahasibu huko New York na London yaliyopaswa kuchukua hatua lakini yakanyamaza. Nimeona ni vyema tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu wengi wanamdai mtu asiye na deni lao.

Tuanze na nani ni nani. Viwango vya uhasibu, yaani kanuni za namna ya kuandaa taarifa za fedha, hutungwa na bodi iitwayo IASB, yenye makao yake London. Bodi hiyo ilianza kazi mwaka 2001 ikirithi mikoba ya kamati iliyoundwa mwaka 1973 na vyama vya wahasibu vya Australia, Kanada, Ufaransa, Ujerumani, Japani, Meksiko, Uholanzi, Uingereza pamoja na Ayalandi, na Marekani. Ndiyo maana hadi leo tuna viwango vyenye majina mawili: vile vya zamani vya IAS, ambavyo kadhaa bado vinatumika, na vipya vya IFRS. Viwango vya ukaguzi, vile vya ISA, ni kazi ya bodi nyingine kabisa, IAASB, na kanuni za maadili ni za bodi ya tatu, IESBA. Hesabu za serikali zina viwango vyake vya IPSAS, na wakaguzi wakuu wa serikali wana umoja wao wa INTOSAI, ulioanzishwa mwaka 1953, wenye viwango vyake vya ukaguzi wa umma.

Halafu lipo shirikisho la kimataifa la wahasibu, IFAC, ambalo ndilo hutupiwa lawama zote. Liliundwa mjini Munich mwezi Oktoba 1977, likiwa na wanachama 63 kutoka nchi 51. Wanachama wake si wahasibu mmoja mmoja bali ni vyama na bodi za kitaaluma: NBAA ya Tanzania, ICPAK ya Kenya, ICPAU ya Uganda, ICPAR ya Rwanda na wengineo. IFAC haisajili mhasibu yeyote, haimfutii leseni mkaguzi yeyote, na tangu mwaka 2023 bodi za ukaguzi na maadili haziko tena chini yake, bali chini ya taasisi huru iliyoundwa kwa ajili hiyo.

Hoja yangu ni moja. Katika vyombo vyote hivyo vya kimataifa hakuna hata kimoja chenye uwezo wa kumkamata mtu, kumtoza faini au kumfungia ofisi. Kiwango cha kimataifa kinapata nguvu pale tu sheria ya nchi au bodi yenye mamlaka ya kisheria inapokitaja kuwa ndicho kitakachofuatwa. Kenya ilifanya hivyo kwa IFRS kuanzia mwaka 1999, na Tanzania kuanzia tarehe 1 Julai 2004. Kwa hiyo mtu anayeuliza kwa nini mkaguzi fulani hakuadhibiwa aulize nyumbani kwanza.

Mwanafunzi wa CPA, Mwanza

Shikamoo, mkuu. Nimekusoma vizuri, ila nina swali. Kama IFAC haitungi viwango wala haiadhibu mtu, basi inafanya nini? Kitabu chetu cha masomo kinaitaja karibu kila sura.

Mleta uzi

Marahaba, kijana. Swali lako ni la haki. Kazi ya IFAC inayotugusa moja kwa moja ni masharti ya uanachama, ambayo yako saba. Mwanachama anatakiwa awe na mfumo wa kukagua ubora wa kazi za wakaguzi wake. Afuate viwango vya elimu ya wahasibu. Ahimize matumizi ya ISA, ya kanuni za maadili, ya IPSAS na ya IFRS. Na awe na utaratibu wa kuchunguza na kuadhibu wanaokiuka. Ndiyo maana mtihani unaoufanya Mwanza unafanana sana kwa maudhui na ule unaofanywa Nairobi au Kampala.

Lakini soma lugha ya masharti hayo kwa makini. Mwanachama hatakiwi kuhakikisha kwamba kila jambo linatimia. Anatakiwa afanye juhudi zake zote, kwa sababu IFAC inaelewa kwamba katika nchi nyingi chama cha wahasibu si kinachotunga sheria. Chama kikizembea kwa muda mrefu kinaweza kusimamishwa au kuondolewa uanachama, na hiyo si adhabu ndogo, maana wafadhili na wawekezaji huangalia. Benki ya Dunia nayo imekuwa ikizipima nchi mbalimbali kwa viwango hivyo na kuzitolea ripoti za hadharani, ambazo nyingine hazikusomeka kwa raha katika wizara za fedha. Hata hivyo, yote hayo ni shinikizo la heshima na mikopo; si amri.

Mhasibu wa kampuni binafsi, Nairobi

Naomba kutofautiana kidogo na mwenye uzi. Anasema viwango havina nguvu mpaka nyumbani, na kisheria yuko sahihi. Kwa sisi tunaoandaa hesabu, hata hivyo, uamuzi uliofanyika London unabadilisha faida ya kampuni ya Nairobi bila kampuni hiyo kuuza hata kijiko kimoja zaidi au pungufu. Acha nitoe mfano wa IFRS 16, kiwango kilichotolewa Januari 2016 na kuanza kutumika mwaka 2019.

Chukua duka kubwa lililokodi jengo kwa miaka mitano, kodi ya pango ikiwa shilingi milioni 120 kila mwisho wa mwaka. Zamani tuliandika gharama ya milioni 120 kila mwaka, na mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, haikuonyesha deni lolote, ingawa kila mtu alijua duka limejifunga kulipa milioni 600. Sasa tunatakiwa tuyapunguze malipo hayo hadi thamani yake ya leo. Kwa riba ya asilimia 12 tunapata takriban milioni 432.6, ambazo zinaingia kwenye mizania pande zote mbili: haki ya kutumia jengo kama mali, na wajibu wa kulipa kodi kama deni. Mwaka wa kwanza uchakavu wa haki hiyo ni milioni 86.5 na riba ni milioni 51.9, kwa hiyo gharama ni milioni 138.4 badala ya 120. Mwaka wa tano gharama hiyo hiyo imeshuka hadi kama milioni 99.4. Jumla ya miaka mitano ni milioni 600 zilezile, lakini mkurugenzi ambaye marupurupu yake yanategemea faida ya mwaka wa kwanza haoni kama ni zilezile, na benki iliyoweka masharti ya uwiano wa madeni nayo inabisha hodi.

Kwa hiyo mtunga kiwango ana nguvu kubwa, hata kama hana polisi.

Mleta uzi

Mfano wako ni mzuri, na hesabu zako ziko sawa. Nami sikusema kwamba watunzi hawana ushawishi. Nilisema hawana mamlaka ya utekelezaji, na hayo ni mambo mawili. Niongeze tu kwamba shabaha ya kiwango hicho hasa haikuwa maduka. Sir David Tweedie, mwenyekiti wa kwanza wa IASB, alipenda kusema kwamba moja ya matamanio yake kabla ya kufa ni kupanda ndege iliyomo kwenye mizania ya shirika la ndege, kwa sababu mashirika yalikuwa yanarusha ndege nyingi za kukodi ambazo kwa mujibu wa mizania zao hazikuwapo. Alistaafu uenyekiti mwaka 2011, na kiwango kikatoka miaka mitano baadaye. Pilikapilika za kukijadili zilikuwa ndefu kiasi hicho, na waliokuwa wakikipinga walikuwa na wanasheria wazuri.

Mchangiaji mwingine (haamini viwango)

Mnatupotezea muda na majina ya bodi. Wirecard ya Ujerumani, kampuni ya huduma za malipo, ilikuwa kwenye fahirisi ya kampuni 30 kubwa za soko la hisa la nchi hiyo, ilifuata IFRS, ilikaguliwa na ofisi ya ukaguzi ya EY kwa miaka mingi, ikapewa hati safi mwaka baada ya mwaka. Juni 2020 ikaonekana kwamba euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa Ufilipino hazikuwapo, na benki mbili zilizotajwa kuwa zinazihifadhi zikasema nyaraka ni za kughushi. Viwango vya kimataifa vilikuwa wapi? Hizi ni karatasi tu za kuwapa wakaguzi kinga.

Mleta uzi

Ndugu, hapo umegusa penyewe, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu ndicho kiini cha uzi huu.

Kiwango kilikuwapo. Kinaitwa ISA 505, na kinahusu uthibitisho kutoka nje. Mkaguzi anapotaka kujua kama fedha ziko benki, anatakiwa yeye mwenyewe aamue atamwandikia nani, ahakikishe kwamba anwani ni ya benki kweli, atume ombi mwenyewe, na jibu lirudi kwake moja kwa moja bila kupita mikononi mwa mteja. Kijana yeyote aliyewahi kupelekwa ukaguzini mwaka wake wa kwanza anaijua kazi hiyo: bahasha, orodha ya akaunti, saini za wenye mamlaka, na kufuatilia benki ambayo haijajibu. Ni kazi inayodharauliwa, na mara nyingi mhasibu wa mteja kwa ukarimu wake atasema, "Niachie mimi, meneja wa benki ni rafiki yangu, nitakuletea kesho." Ukikubali ukarimu huo, umeshavunja kiwango kabla ya chakula cha mchana. Katika suala la Wirecard, lawama kuu iliyoelekezwa kwa wakaguzi ilikuwa hiyo: kwamba kwa fedha zilizodaiwa kushikiliwa na mdhamini, yaani mtu wa tatu anayezitunza kwa niaba ya kampuni, walitegemea maelezo ya mdhamini na nyaraka walizopewa, badala ya kupata uthibitisho wa moja kwa moja kutoka benki.

Na haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2003 kampuni ya maziwa ya Parmalat, huko Italia, ilianguka baada ya Bank of America kusema kwamba barua iliyothibitisha karibu euro bilioni 3.95 katika akaunti ya Bonlat, kampuni tanzu iliyosajiliwa Visiwa vya Cayman, ilikuwa ya kughushi. Sasa angalia jambo moja ambalo halisimuliwi sana. Sheria ya Italia ilimtaka mteja abadilishe mkaguzi baada ya miaka tisa. Parmalat ikabadilisha: mwaka 1999 Deloitte ikachukua ukaguzi wa kundi zima. Lakini mkaguzi wa zamani, ofisi ya Grant Thornton ya Italia, akabaki akikagua baadhi ya kampuni tanzu, ikiwemo hiyo Bonlat. Kampuni mama ikawa na mkaguzi mpya, na shimo lenyewe likabaki kwa mkaguzi yuleyule.

Viwango vilijibu. ISA 600, kinachohusu ukaguzi wa makundi ya kampuni, kiliandikwa upya ili mkaguzi wa kundi awajibike kwa hati nzima na asijifiche nyuma ya mkaguzi wa tawi. Kimepitiwa tena mwaka 2022, na toleo hilo linatumika kwa ukaguzi wa vipindi vilivyoanza tarehe 15 Desemba 2023 au baadaye. Lakini aliyeadhibu katika kashfa hizo hakuwa IAASB wala IFAC. Kwa Wirecard alikuwa msimamizi wa wakaguzi wa Ujerumani, ambaye mwaka 2023 aliitoza EY ya nchi hiyo faini ya euro 500,000 na kuizuia kuchukua wateja wapya wa ukaguzi wenye maslahi ya umma kwa miaka miwili. Unaweza kusema faini hiyo ni ndogo mno, nami sitabishana nawe. Ila malalamiko hayo yaende Berlin.

Hata jina la EY, Deloitte au KPMG linahitaji kuelezwa. Ofisi hizo katika kila nchi ni kampuni inayojitegemea kisheria, iliyosajiliwa kwa sheria za hapo ilipo, inayotumia jina na taratibu za mtandao mmoja. Ofisi ya Dar es Salaam haiwezi kushitakiwa kirahisi kwa kosa la ofisi ya Munich, wala kinyume chake.

Mhasibu, Lubumbashi

Niruhusuni niingie na hali ya kwetu Kongo, maana mnazungumza kana kwamba Afrika yote imekubali IFRS kwa namna moja. Sisi tuko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria za biashara za pamoja, tangu mwaka 2012. Kampuni ya kawaida hapa hutunza vitabu kwa mfumo wa SYSCOHADA, ambao toleo lake lililorekebishwa lilianza kutumika mwaka 2018. Katika mfumo huo kila akaunti ina namba yake iliyopangwa na sheria: daraja la 6 ni gharama, daraja la 7 ni mapato, na huwezi kujitungia orodha yako kama wanavyofanya ndugu zetu wa Nairobi. IFRS inadaiwa kwa kampuni zilizo kwenye soko la hisa au zinazochangisha fedha kwa umma, tena juu ya zile hesabu za SYSCOHADA, si badala yake. Mabenki nayo yana mpangilio wake chini ya Benki Kuu ya Kongo.

Tatizo linakuja pale mwenye mali anapotoka upande wa mashariki. Equity na KCB za Kenya zina benki hapa, na CRDB ya Tanzania ilifungua Lubumbashi mwaka 2023. Kila robo mwaka makao makuu yanataka hesabu za IFRS, pamoja na hasara tarajiwa za mikopo kwa mujibu wa IFRS 9, wakati msimamizi wa hapa anataka tengo, yaani fedha za kufidia hasara, la mikopo chechefu kwa kanuni zake. Mkopo mmoja, mteja mmoja, matengo mawili. Na mkaguzi wa hapa anaandika kwa Kifaransa huku maelekezo ya mkaguzi wa kundi yakimfikia kwa Kiingereza.

Mleta uzi

Asante sana, ndugu yetu. Hapa ndipo ISA 600 inapotoka vitabuni. Mkaguzi wa kundi aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hawezi tena kuridhika na ukurasa mmoja kutoka Lubumbashi unaosema kila kitu kiko sawa. Anatakiwa atathmini hatari za kundi zima yeye mwenyewe, aamue ni kazi gani ifanyike kwenye tawi, aihakiki kadiri inavyohitajika, na akikuta sheria ya nchi inamzuia kuona karatasi za kazi, atafute njia nyingine au alieleze hilo katika hati yake. Hiyo ni gharama, na nimeona wateja wakinuna wanapoona safari ya Kongo kwenye ankara. Wanune tu.

Mchangiaji mwingine (haamini viwango)

Nakubali hilo la uthibitisho wa benki. Lakini hamjajibu suala la siasa. Wakubwa wakitaka, kiwango hubadilishwa usiku mmoja.

Mleta uzi

Katika hilo una ushahidi, tena mzito. Oktoba 2008, mgogoro wa fedha ulipopamba moto, Umoja wa Ulaya uliibana IASB hadi bodi ikarekebisha IAS 39, kiwango cha kupima mali za kifedha, ndani ya siku chache, bila kuomba maoni ya umma kama utaratibu wake unavyodai. Marekebisho hayo yaliruhusu mabenki kuhamisha baadhi ya mali za kifedha kutoka kundi linalopimwa kwa bei ya soko, na yakaruhusu kurudi nyuma hadi tarehe 1 Julai mwaka huo. Hasara zilizokuwa zinaonekana zikapungua machoni. Tweedie mwenyewe alikiri baadaye kwamba nusura ajiuzulu. Na Marekani hadi leo inazitaka kampuni zake zifuate viwango vyake yenyewe, ingawa tangu mwaka 2007 inazipokea hesabu za IFRS kutoka kwa kampuni za nje bila kuzidai zilinganishwe na za kwake.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba bodi hizi zinaelea juu ya siasa. Ila mimi naichukua historia hiyo kuwa sababu ya kushiriki, si ya kususa. Rasimu ya kila kiwango hutolewa hadharani, na mtu yeyote anaweza kuandika barua ya maoni, na barua hizo huwekwa wazi. Tangu mwaka 2011 tuna pia shirikisho la Afrika, PAFA, linalokusanya sauti za vyama vyetu. Ukizipitia barua za rasimu kubwa utakuta za mabenki ya Ulaya ni nyingi na ndefu. Za kutoka kwetu ni chache, na nyingine zinasema tu kwamba tunaunga mkono. Anayelalamika kwamba IFRS 9 haikuzingatia mikopo ya wakulima isiyo na historia ya takwimu, alikuwa na miaka kadhaa ya kulisema hilo kabla ya kiwango kukamilika mwaka 2014.

Mkaguzi wa ofisi ndogo, Arusha

Ndugu mleta uzi, mimi nakagua shule, hoteli ndogo na viwanda vya wastani. Nimesikia kuna kiwango kipya kilichorahisishwa kwa ajili ya wateja wa namna hiyo. Je, naweza kuanza kukitumia?

Mleta uzi

Kipo. IAASB ilikitoa Desemba 2023 kama kiwango kimoja kinachojitegemea kwa ukaguzi wa taasisi zisizo na utata mwingi, kwa vipindi vinavyoanza tarehe 15 Desemba 2025 au baada ya hapo. Hakiruhusiwi kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni, kwa taasisi ambazo kazi yao kuu ni kupokea amana za umma, wala kwa bima. Shule na hoteli zako huenda zikafaa, lakini usikichanganye na ile IFRS ya kampuni ndogo na za kati ya mwaka 2009: hiyo ni ya mteja wako anapoandaa hesabu, hiki ni chako unapozikagua, na mteja anaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Kuhusu kuanza, usianze kwa sababu umekisoma kwenye tovuti ya New York. Hakikisha kwanza kwamba NBAA imekiridhia kwa tamko rasmi na imeweka mipaka ya nani anaruhusiwa kukaguliwa nacho, kwa sababu hati yako itataja kiwango ulichofuata, na wakaguzi wa ubora watakapokuja ofisini kwako watafungua faili na kuuliza tamko hilo liko wapi. Ukiandika barua bodini, andika mapema, kabla hujasaini barua ya makubaliano ya kazi na mteja, maana barua hiyo nayo inataja kiwango.